Mimi Siko na Serivisi

Wakati wa vita, kwetu Butembo, hakuna kitu kilichotutisha mchana kama chumba kitupu. Askari walipita wakichungulia madirisha. Wakikuta chumba hakina mtu, wanaingiza godoro lao, na tangu siku ile nyumba si yako tena: unapika wewe, wanakula wao. Jirani yetu wa mbele aliambiwa ni kwa siku mbili tu. Siku mbili zilizaa miezi, mpaka mwenye nyumba ndiye aliyefunga virago na kuhamia Vuhovi kwa dada yake.

Mama yangu alikuwa mjane mwenye vyumba viwili uani, alivyoachiwa na baba. Aliapa kwamba hatavipoteza namna ile, akavipangisha kwa wasafiri: wauza maharagwe wa Alimbongo, wachuuzi wa Beni, wanawake wa samaki kutoka Kyavinyonge. Wageni hao waliletwa na komisyoneri, yaani dalali, mzee mmoja wa kofia ya sufu aliyeshinda pale malori yanapoteremshia watu. Kila mgeni alimlipa komisyo kidogo, na mama naye alimlipa komisyo kidogo. Mgeni mmoja, komisyo mbili! Jambo hilo lilinikera mpaka chai ikawa hainishuki yule mzee akiwa amekaa barazani kwetu.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, nasoma commerciale, masomo ya biashara, na nilijua kila kitu.

"Mama," nikamwambia, "huyu papa anakula bule. Batu banajua mulango yetu. Bakuye direct, bila yeye."

Mama alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinua kichwa. "Na kazi yake itafanya nani?"

"Kazi gani? Kutembea mbele ya mugeni?"

"Aya. Basi wewe njo komisyoneri."

Alidhani nitaogopa. Thubutu! Siku ile ile nilimwendea mzee nikamwambia, kwa Kifaransa cha shule, kwamba hatumhitaji tena. Alinitazama, akakohoa, akasema, "Haya, mama mudogo, kazi muzuri." Nilirudi nyumbani nikiringa.

Wiki ya kwanza ilikuwa raha tupu. Chumba bila komisyo kilikuwa na bei nafuu, na wageni walinisifu. Wiki ya pili mambo yakaanza kunishangaza. Maji yaliyokuwa yakitukuta asubuhi mlangoni, madumu yamejaa, hayakufika tena. Nikajitwika mwenyewe, kabla ya shule, kwa sababu mgeni wa direct naye anaoga. Mashuka yalitaka sabuni, na jiko la maji ya moto lilitaka makala, yaani makaa. Nikaona bei ya chumba peke yake haifiki. Basi nikafungua kitabu cha shule, nikachukua ubao, nikaandika kwa chaki bei ya chumba: CHAMBRE, na chini yake, kwa herufi nzuri zaidi, gharama za huduma: FRAIS DE SERVICE. Nilijipenda kweli siku ile.

Kisha mapigano yakafunga barabara ya Beni. Siku nne hakuja mtu. Zamani, barabara ya Beni ikifungwa, mzee alileta watu wa Lubero. Mimi nilikaa nyumbani na ubao wangu nikingoja wajilete. Siku ya nne, baada ya chakula cha mchana, askari mmoja aliingia uani bila hodi. Akasukuma mlango wa chumba cha kwanza, kisha cha pili.

"Ndako oyo ezali mpamba," akamwambia mama kwa Kilingala. Nyumba hii ni tupu. Akapima sakafu kwa hatua, kama fundi. "Nakozonga lobi." Nitarudi kesho.

Alipotoka, mama alikaa chini kwenye kizingiti. Sikuwahi kumwona mama akikaa pale.

"Akiingia huyu, tumepoteza nyumba," alisema. "Kimbia. Utafute batu. Hata bane, hata mumoja, kimbia!"

Nikakimbia mpaka penye malori. Mungu mkubwa, lori la kutoka ziwani lilikuwa ndiyo kwanza linafika. Wanawake wanne walikuwa wanashusha vikapu vya tilapia kavu, na mkubwa wao, mama mnene mwenye sauti ya kanisani, alikuwa anagombana na kondakta. Nikamshika mkono. "Mama, kuya kwetu. Direct! Hapana komisyoneri."

Neno hilo alilipenda. Alinifuata na wenzake watatu, moyo wangu ukicheza kwa furaha. Uani akatua kikapu, akaona ubao, akamwambia mwenzake amsomee. Mwenzake akasoma polepole mpaka chini. Yule mama akakunja uso.

"Mutoto, hii hapana yetu. Mimi siko na serivisi. Mimi nauza samaki."

Ole wangu! Kwetu serivisi ni ajira. Mwenye ofisi, mwenye mshahara, ndiye mwenye serivisi, ukimuuliza mtoto baba yake yuko wapi, anakujibu, "Iko ku serivisi," yaani yuko kazini. Yule mama alielewa kwamba nimeandika malipo ya makarani wa serikali.

"Hapana, mama, hapana serivisi ile ya biro," nikasema. "Ni frais tu."

"Frais ya nini? Unasema komisyoneri hakuna. Nimekuya na miguu yangu. Sasa unanilipisha nini tena?"

Kuandika nilijua, kujibu sikujua. Na mimi nikishindwa, hasira ndiyo inayonisemea: "Njo bei yetu! Kama haupendi, uende!"

Akainama kuchukua kikapu chake. Basi mwanamke yule alikuwa anatoka na nyumba yetu kichwani, na mimi ndiye niliyemfukuza.

Mama aliweka mkono juu ya kikapu. "Mama, pole na safari. Kunywa kwanza chai." Kisha akanigeukia, akaniambia kwa sauti ya chini, "Uende ukaulize mwenye kazi."

Mzee alikaa nyuma ya kwetu. Nilimkuta anakula ndizi za kuchemsha. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

"Papa, pardon. Ile komisyo… ulikuwa unaifanya nini?"

Alicheka mpaka akakohoa. Hakunisimanga, na hilo lilinitesa zaidi.

"Maji yenu ya asubuhi, ulifikiri inatembea yenyewe? Kuko mama mwenye kuteka, mimi njo nilikuwa namulipa. Na majina ya bageni, kila magaribi, nani alipeleka kwa chefu wa avenue, mukubwa wa mutaa, ili askari asiseme munaficha batu? Hiyo njo komisyo ya mugeni. Sasa, mugeni akikosa kuya, nani alikuwa anazunguka kutafuta mwingine, chumba isilale bule? Hiyo njo komisyo ya mama yako."

Komisyo mbili, kazi mbili. Mwaka mzima nilikuwa nimehesabu komisyo, kazi sikuziona.

"Na usiandike service," akaongeza, akinipa kipande cha ndizi. "Andika kazi."

Nilirudi mbio. Nikafuta ubao kwa pindo la kitenge changu, nikaandika upya huku nikisoma kwa sauti: maji ya moto. Makala. Mashuka safi. Jina kwa chefu.

"Aaa!" yule mama akapiga makofi. "Maji njo unaita serivisi? Si useme maji!" Wenzake wakaangua kicheko, mama yangu naye, na mwisho hata mimi. Akalipa bila neno. Wawili chumba hiki, wawili kile. Kabla jua halijazama nilikuwa nimepeleka majina manne kwa chefu, naye akanigongea muhuri.

Asubuhi askari alirudi na mwenzake aliyebeba godoro. Harufu ya samaki iliwapokea langoni. "Mbisi!" alisema, akishika pua. Mama alimpa karatasi yenye muhuri. Wanawake wanne walisimama milangoni, mikono viunoni, na yule mkubwa alikuwa na kisu cha kukatia samaki, maskini, alikuwa anafanya kazi yake tu. Askari alisoma, akatazama, akanung'unika. Godoro likatoka langoni. Mama alilipungia mkono likiwa limeshakunja kona, nami, nisiseme uongo, nililia.

Siku zilizofuata nilimrudia mzee. Tulielewana: anayeletwa naye, komisyo yake, anayekuja direct, kazi yangu. Barabara ilifunguliwa, ikafungwa tena, na vyumba vyetu havikulala vitupu mpaka askari wale walipoondoka mjini.

Lakini ninayoikumbuka zaidi ni asubuhi moja ya wiki ile. Nilikuwa narudi na dumu la maji kichwani, nyuma ya ua, nikasikia jirani akimuuliza mama niko wapi. Mwaka ule, katika avenue yetu nzima, walimu hawakulipwa, ofisi zilifungwa, hapakuwa na mtu wa kujibiwa lile jibu la watoto wa wenye mshahara. Mama hakusita.

"Iko ku serivisi," alisema.