Siku Bibi Aliponifungia Kwenye Nchi Isiyokuwepo

Siku mke wangu alipokuwa leba, mimi nilikuwa mfungwa.

Aliyenifunga ni bibi yangu mzaa mama. Ana miaka themanini na kitu, na ukimbeba ni kama umebeba kuku.

Cheka tu. Leo hata mimi nacheka.

Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi kwenye hoteli moja kubwa. Kila asubuhi kabla ya kazi napita kwa bibi, ghorofa ya tatu, namwekea chai na dawa zake. Kumbukumbu zake siku hizi ni kama redio mbovu, mara inashika stesheni, mara mikwaruzo mitupu.

Asubuhi ile simu ikaita. Mama yangu.

"Mwanangu, njoo hospitali haraka. Mkeo ameshikwa na uchungu, daktari anasema mtoto amekaa vibaya. Anakuita wewe tu."

Nikavaa viatu mbio mbio. Kosa langu likawa kumuaga bibi.

"Bibi, natoka. Mke wangu ana uchungu."

Akanitazama usoni, kisha kifuani. Akainuka kama msichana, akavuta geti la chuma la mlangoni, akabana kufuli. Ufunguo akautia kifuani.

"Hutoki."

"Bibi, acha utani."

"Huna kibali. Askari wanazunguka. Hujui hapa ni wapi?"

Akalitaja lile jina la zamani, jina ambalo wakoloni waliipa nchi hii. Silitaji hapa. Utaelewa kwa nini.

"Bibi, hilo jina lilishakufa!" Nikamtajia jina la nchi yetu.

"Hiyo siijui," akasema. "Iko wapi?"

Nikakimbilia dirishani.

Madirisha yana nondo. Ufunguo wa akiba ulipotea zamani. Nikamwita kwa sauti mshonaji wa duka la chini, tunayemwita Mama Mapacha, anitafutie fundi wa kuchomelea aje akate geti.

"Umeme umekatika mtaa mzima!" akanijibu.

Ndiyo, niliwaza kumpokonya. Nilinyoosha mkono kabisa. Nikamwona amejikunyata, ameukumbatia ule ufunguo kwa mikono miwili. Nikashindwa. Nikakaa sakafuni, mwanaume mzima, nikalia.

Mama akapiga tena. "Umefika wapi?"

"Bibi kanifungia."

"Kwani umemwambia nini?"

"Ukweli. Kwamba mke wangu ana uchungu."

Sauti yake ikashuka.

"Usiku niliozaliwa mimi, baba alitoka kumwita mkunga. Enzi hizo ilikuwa marufuku watu wetu kutoka bila kibali. Walimkamata hapo hapo barabarani. Hakurudi, mwanangu. Mama alijifungua peke yake, mlango wazi, anamsubiri."

Miaka yote nilijua tu kwamba babu alipotea. Kumbe bibi alikuwa anafanya kile ambacho maisha yake yote alijilaumu kwa kutokifanya. Alikuwa anamzuia mume wake asitoke.

Nikaacha kubishana. Nikaenda dirishani, nikamwomba Mama Mapacha jambo moja. Yule mama hana aibu, Mungu ambariki.

Punde mtaa ukalipuka. Masufuria, vigelegele, honi za pikipiki. "Uhuru! Uhuru!"

"Bibi, sikiliza! Wameondoka! Bendera yao imeshushwa, na lile jina limefutwa!"

Akasogea dirishani taratibu. "Sasa tunaitwaje?"

Nikamwambia. Akalirudia polepole, kama anayeonja chumvi.

"Maana yake?"

Jina nimeliandika tangu shule ya msingi, sijawahi kujiuliza. Nikasema lililonijia.

"Maana yake mtu akienda kumwita mkunga, anarudi."

Machozi yakamtoka. Kisha akaninyooshea kidole kifuani. "Mbona wewe bado umelivaa?"

Nikainamisha macho. Fulana ya kazi! Hoteli yetu imejiita kwa jina lile la zamani. Wageni wanalipenda, wanalipigia picha. Mimi nililiona ni jina tu, tena zuri. Bibi aliona herufi zilizokuwa kwenye kofia za waliomchukua mume wake.

Nikaivua pale pale. Akafungua sanduku, akanipa shati la babu. Halafu akafungua kufuli.

"Ukimkuta njiani," akasema, "mwambie arudi. Sasa ruksa."

Nilishuka ngazi nikilia kama mtoto.

Nilimwahi mke wangu anaingizwa chumba cha upasuaji. Akanishika mkono, akanusa lile shati. "Umetoka kabatini?" Tukacheka wote wawili, huku tunaogopa. Binti yetu alizaliwa mzima.

Jioni nikapitia kwa bibi. Alikuwa kakaa kwenye kiti, geti wazi, macho kwenye ngazi. Akaliona lile shati kwanza. Akanishika uso kwa mikono yake miwili.

"Umerudi," akasema.

Sikumsahihisha.

Kesho yake alishasahau kila kitu, nikampelekea uhuru upya. Mpaka leo nampelekea kila asubuhi, pamoja na chai, na kila siku anafurahi kama siku ya kwanza.

Funzo langu ni hili: kabla hujalivaa jina kwa sababu linapendeza, muulize aliyeishi chini yake.

Kazini nilimwambia bosi fulana imepotea. Haijapotea. Bibi anapigia deki.