Vyombo vya Wageni

Kabla ya mnada, mama alimwomba dalali kitu kimoja tu: vyombo vyake vya wageni viende nyumba moja. Fanicha iende popote, hata lile kabati la mvule ambalo baba alilinunua kwa familia ya Kihindi iliyokuwa ikihama. Lakini vyombo vilivyokuja na kabati visitenganishwe: sahani nyeupe zenye mstari wa dhahabu, bakuli la supu na mfuniko wake, na sinia refu la kulaza samaki wa ngege mzima, kichwa hadi mkia. Sisi watoto tulikula kwenye sahani za plastiki mpaka tukaoa na kuolewa.

Baba alikuwa amefariki. Nyumba ya Milimani ilikuwa ya kupanga, na mama alikuwa anarudi kijijini Kombewa, kwenye vyumba viwili ambavyo kabati lisingepita hata mlangoni. Mimi nami napanga chumba kimoja mtaa wa Manyatta, vyombo hivyo ningeviweka wapi?

Nilimtuliza. Nilimwambia majirani wote wamekula kwenye sahani hizo, wana magari mawili mawili, hatakosekana mmoja wa kuzichukua zote. Niliamini kabisa.

Asubuhi ya mnada hakuja jirani hata mmoja. Walikuja wauza fanicha kuukuu, mwenye hoteli moja, na watu wa kutazama tu. Dalali akavitandaza vyombo vyote mezani, akataja bei. Kimya. Akaishusha. Kimya. Mimi nachungulia geti kama mjinga.

"Mama, hii yote pamoja haiendi," dalali akasema. "Niuze moja moja?"

Mama akaitikia kwa kichwa. Mwenye hoteli akachukua sahani, za kuwekea chapati hotelini kwake. Mwanamke mmoja akachukua sinia la ngege, akasema litamfaa kupangia nyanya sokoni. Mwingine akanunua bakuli la supu apandie maua, mfuniko akauacha. Nilitamani kuwanyang'anya wote.

Jioni majirani wakaja, wote pamoja, kama watu wanaokuja matangani, wamebeba hotipoti za ugali na samaki. Jirani wa karibu alimkumbatia mama huku analia.

"Mos, pole sana, Mama. Tulionelea tusikuje asubuhi. Sasa mtu atanunua aje sahani ya Mama na ni wewe ulimlisha nayo? Hiyo ni aibu."

Wenzake wakaafiki. Nilipandwa na hasira nikakosa wa kumfokea, maana walikuwa wamemheshimu kwa moyo wao wote.

Mama akawashukuru. Kisha, kwa mazoea, akainuka akaenda pale kabati lilipokuwa, akanyoosha mkono. Palikuwa na ukuta tu. Akauokota ule mfuniko, akaugeuza, akaupangusa kwa leso na kumwekea jirani kipande cha samaki. Ulikuwa unayumba kwa sababu ya kishikio chake, ikabidi jirani aushike kwa mikono miwili.

"Karibuni," mama akasema. Wengine walibaki wamesimama na hotipoti zao, wakisubiri sahani.