Nyongeza ya Hadji

Nilikwenda kuulizia mchele kwenye depo moja ya Zone Industrielle, eneo la viwanda, nikamkuta mwenye depo, Hadji, akipatana muda wa kazi na dada mmoja mtengeneza programu. Hadji anataka kompyuta imhesabie magunia.

"Itachukua miezi sita," dada akasema.

"Apana, punguza. Mi na we tuko majirani."

"Miezi mine basi."

"Mitatu, tumalize."

Wakapeana mikono. Kisha Hadji, kwa mazoea ya sokoni, akabaki na kiganja wazi: "Na nyongeza yangu?"

Dada, bila kupepesa macho, akamjibu: "Nakuongezea mwezi moja, Hadji."

"Aksanti, binti yangu. Njo maana napenda kufanya kazi na we."

Nilicheka mpaka nikasahau mchele. Programu nyingi huchelewa kwa ugomvi. Hii imechelewa kabla haijaanza, tena kwa shukrani.