Laptopu Yangu, Akaulizwa Mjomba

Laptopu yangu ya zamani ilinifia kisiwani Kiwayu, mbele za watu. Wenye hoteli moja ndogo walikuwa wameniita niwaonyeshe vyumba vipya walivyotaka kujenga. Hiyo ndiyo kazi yangu: napima nyumba, naichora kwenye kompyuta ukuta kwa ukuta, kisha mwenyewe anaingia ndani yake kwenye skrini na kutembea kabla fundi hajagusa jiwe. Siku ile tulipofika ukumbini picha ikaganda. Feni ikavuma kama kinu cha kusaga nafaka, skrini ikawa nyeusi, na wale watu wakaanza kutazama simu zao. Nilirudi nyumbani Wiyoni nimeshaazimia: safari hii nanunua mashine ya wacheza gemu, ile yenyewe hasa.

Wala sitaki kumdanganya mtu. Niliitaka ya kazi, na niliitaka ya kucheza. Dada yangu ameolewa Malindi, na kila Ijumaa baada ya alasiri tunashindana magari mtandaoni. Sijawahi kushika usukani wa gari la kweli, lakini kwenye skrini simwachii mtu kona. Kazi na mchezo vyote vinategemea kadi ya michoro, ile inayobeba mzigo wa picha ndani ya kompyuta. Nilisoma mwezi mzima. Nikajua kwamba laptopu mbili zaweza kuwa na kadi ya jina moja, moja ikapewa umeme wa kutosha na nyingine ikabaniwa. Nikaandika kwenye karatasi yote ninayoyataka: kadi fulani, skrini isiyogeuza chokaa nyeupe kuwa manjano, nafasi ya kuongeza memori, na feni zinazofikika kwa urahisi, maana hewa yetu ya chumvi haina huruma na chuma.

Mjomba wangu, fundi wa kuchonga milango, alikuwa akienda mjini Amu, ndio Lamu, kununua msasa, tukafuatana hadi duka la kompyuta. Muuzaji tulisoma naye darasa moja. Nalitaja hilo kwa sababu ananijua, na hesabu alikuwa akinakili kwangu.

"Karibu, Mzee," akamwambia mjomba. "Unatafuta mashine gani?"

"Anayetafuta ni mimi," nikasema.

Akavuta laptopu nyembamba ya waridi. "Hii nyepesi, Bi. Kwa barua na mapishi inakutosha."

"Nataka ya gemu."

"Ah, ya mtoto!"

"Ya kwangu mimi."

Akacheka, kisha akamgeukia mjomba kana kwamba mimi nimeshatoka nje. "Mzee, umemruhusu?"

Damu ilinipanda. Nina miaka kumi na moja nafanya kazi hii. Kuna nyumba mjini humo ambazo ngazi zake zinapandika kwa sababu nilikataa mchoro wa mtu mwingine. Na mwanamume akisema anataka mashine ya gemu, hakuna anayemuuliza ana ruhusa ya nani.

Mjomba akamtazama. "Bwana, mimi siyui hata kuiwasha. Muulize yeye."

Basi ikaletwa nyingine, kubwa, vitufe vinawaka rangi nyekundu. Pale pa kulaza kiganja palikuwa na kibandiko chenye jina la kadi ile ile niliyoiandika kwenye karatasi yangu. Nikatoa flashi, nikaomba nifungue mchoro wangu nione itastahimili nusu saa bila kuchemka.

"Haijaribiwi mpaka inunuliwe."

"Hata viatu mtu huvaa kwanza!"

"Mzee, hebu mwelezee."

Mjomba alivuta kiti akakaa, akaiweka pakiti yake ya msasa juu ya meza, na ilikuwa wazi kwamba hatuondoki. Muuzaji akaiwasha. Sikuhitaji hata flashi. Nilifungua tu ukurasa unaoonyesha vifaa vilivyomo, na kadi iliyotajwa pale ilikuwa dhaifu kuliko ya kibandiko kwa madaraja mawili.

"Hayo ni maandishi tu," akasema. "Kibandiko ndicho cha kiwandani."

Mjomba akainama, akapitisha ukucha wa kidole gumba pembeni mwa kibandiko, vile anavyokagua ubao. "Hiki kina mwenziwe ndani," akasema. Akakibandua. Chini yake kulikuwa na kingine, na hicho kilisema kweli.

Wateja wawili waliokuwa wakisubiri mlangoni wakasogea kutazama.

"Bi, hasira za nini?" muuzaji akaniambia, sauti ya chini sasa. "Gemu zako zitacheza tu. Usingejua tofauti."

Hilo ndilo lililoniuma kupita kibandiko chenyewe. Alinipimia ujinga, akanikatia udanganyifu wa kunitosha. Nilimjibu kwa sauti ili walio mlangoni wasikie: "Nimejua. Na hawa sasa wanajua." Tukatoka. Njiani mjomba alisema neno moja tu, kwamba hata mwembe hupakwa rangi ukaitwa msaji, ule mti wa thamani.

Mashine niliyoitaka niliipata kwa mama mmoja muuzaji wa Mombasa. Alinipigia simu ya video, akaweka mchoro wangu kwenye mashine, akauacha uzunguke nusu saa huku akinionyesha joto linavyopanda na kutulia. Aliniuliza maswali mimi: nachora kwa programu gani, nyumbani umeme unakatika mara ngapi. Ikaja kwa basi hadi Mokowe, upande wa bara, nikavuka kwa boti kwenda kuichukua mwenyewe. Kiwayu nilirudi nayo, na wenye hoteli walitembea vyumba vyao vyote bila picha kukwama. Dada yangu naye sasa analalamika kwamba namshinda kwa mashine, si kwa ufundi.

Ningeyasahau. Lakini juzi fundi mmoja wa mabomba alinisimamisha sokoni akitaka nimsaidie kuchagua laptopu ya binti yake. "Nimeambiwa yako ni nzuri sana," akasema. "Yule wa dukani anasema alikuchagulia yeye."

Nilimchukua fundi yule, tukaenda dukani pamoja wakati huo huo, muuzaji ayarudie maneno hayo mbele yangu.