Jina la Mlangoni

Kule Katwe, Kampala, nyundo hazinyamazi, na mtu akitaka kumwambia mwenziwe neno hulirudia mara tatu ndipo limfikie. Marlène hakurudia. Alisema mara moja, na hiyo moja ilikutosha wiki nzima. Fundi Wanjala, Mluhya wa Bungoma aliyempangisha pembe ya nyuma ya karakana yake, aliwaonya wateja mapema: "Shida ya herufi niambie mimi. Nyuma ya pazia usiende. Huko kuna nyuki."

Pazia lenyewe lilikuwa gunia la unga lililofumuliwa. Nyuma yake palikuwa na meza, kisahani cha maji, kioo cha kukuza kilichoning'inia kwa waya kwenye msumari, na mwanamke wa Butembo, Kongo, mwenye miaka arobaini, akiandika herufi ndogo kama mayai ya chawa.

Wanjala alikuwa akitengeneza magari madogo ya bati: malori, mabasi, magari ya mashindano, kila moja limefuata gari la kweli kutoka kwenye picha. Matajiri wa magari waliyapenda sana, wakayaweka juu ya televisheni na kuwazuia wageni kuyagusa. Lakini gari bila maandishi ni kopo la mafuta ya kupikia, hata ulipinde vipi. Namba, jina la kampuni, uzito wa mzigo ubavuni, msemo wa nyuma, vyote hivyo vilikuwa vya Marlène. Stika za rangi nyingine alipeleka zikachapishwe Nasser Road, mtaa wa wachapaji. Nyeupe haikuwezekana huko, kwa sababu mashine zile hazikuwa na wino mweupe, kwa hiyo nyeupe aliiandika kwa mkono. Alipaka karatasi uji mwepesi wa wanga wa muhogo, akauacha ukauke, akapaka vanishi, akaandika juu yake kwa brashi ya nywele tatu za paka, kisha vanishi tena. Karatasi ikiingia majini wanga unalegea, na herufi zinaachia zote pamoja kama utando wa maziwa. Unaziteleza mpaka kwenye bati, unabonyeza kwa kitambaa, basi.

Usiulize ukali aliutoa wapi. Nitakuambia bila kuulizwa.

Mumewe, Kasereka, alikuwa dereva wa Jean-Claude, mfanyabiashara wa Kikongo anayekaa kwenye ghorofa za Bukoto. Lori la kwanza la Jean-Claude, la buluu, ndilo lililomtoa kwenye kuuza maharage kwa vikombe. Mwaka wa tisini na tisa lilipinduka mteremkoni likirudi na mbao, Kasereka akafa humo humo. Mara tatu alikuwa amemwambia bosi wake breki zimekwisha. Mara tatu aliambiwa nenda, utarekebisha ukirudi. Sasa mbao hazikuwa za Jean-Claude, zilikuwa za watu, na watu walitaka kujua nani wa kulaumiwa. Jean-Claude akasimama kanisani, kwenye kanisa lao la Wakongo hapa Kampala, mbele ya madhabahu, machozi yakimtiririka, akasema alikwisha kumfukuza Kasereka kazi wiki mbili kabla. Eti aliruka ukuta akaliiba lori uani. Eti Mungu amsamehe, yeye amekwisha kumsamehe.

Shetani mkubwa! Maiti haijibu, na yeye alilijua hilo.

Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Jean-Claude ilifika miaka mitano, na malori yakaongezeka juu yake. Marlène alipokuja Kampala na binti yake Victoire, vita vikiwa vimewafukuza, alikuta yeye ni mke wa mwizi. Kila Jumapili alikaa benchi la mwisho, na kila Jumapili Mama Hortense, kiongozi wa kwaya, alipopita pale aliuvuta mkoba wake na kuukumbatia kifuani. Aliuvuta tu. Watu walimwuliza Marlène kwa nini hahamii kanisa lingine.

"Nikihama watasema nimekimbia," alijibu. "Watanizoea au watanizika."

Basi siku moja mwaka wa elfu mbili na nne, akiwa nyuma ya gunia lake, alisikia sauti karakanani. Brashi ikamganda mkononi. Angeijua sauti ile hata kaburini.

"Nataka lori langu la kwanza," Jean-Claude alikuwa akimwambia Wanjala. "Nitalitoa kanisani siku ya shukrani, liwekwe mezani, watu waone Mungu alikonitoa. Picha hii hapa. Kila kitu kama kilivyo, Fundi! Kila mkwaruzo, kila herufi. Likikosa herufi moja, mimi silipokei."

"Hutakosa hata nukta, bosi," Wanjala akasema, maskini, hajui anamwahidi nani.

Jean-Claude alipoondoka, Marlène aliichukua ile picha akaiweka chini ya kioo. Lori lilikuwa limepigwa picha kwa mbali, mlango wake haukuzidi ukucha wa kidole kidogo. Mtu wa kawaida angeona doa jeupe tu. Yeye aliona jina. Aliliona kwa sababu ndiye aliyeliandika, kule Butembo, amesimama juu ya kreti la bia, mumewe akimshikia kopo la rangi na kumtania kwamba mguu wa K ni mrefu mno, utamkwaza mtu. DEREVA: KASEREKA. Mguu wa K ulikuwa pale pale.

Alilia, ndiyo. Alilia kwa hasira mpaka kioo kikaingia ukungu, akakifuta kwa kanga na kumwita Wanjala, akamweleza yote tangu mwanzo.

"Dada, si umepata ushahidi?" Wanjala akasema. "Mpelekee Pasta hii picha."

"Ushahidi wa nini? Atasema alimfukuza bila kufuta jina mlangoni. Picha haina mdomo. Mimi namtaka yeye aseme. Kwa kinywa kile kile, Pasta akisikia."

"Hawezi kusema."

Marlène alikuwa akimfikiria mtu mwingine kabisa, Guerschom. Huyu Guerschom naye sasa alikuwa tajiri wa malori, tena mengi kuliko ya Jean-Claude, na hao wawili walichukiana kama fahali wa zizi moja. Guerschom alikuwa na neno moja alilopenda kulitupa kwenye harusi na misiba: "Jean-Claude mnayemwona? Mimi ndiye niliyemwendeshea lori lake la kwanza, wakati yeye hana hata viatu." Neno hilo likimfikia Jean-Claude hakula siku hiyo.

"Mlangoni nitaandika Guerschom," Marlène akasema.

Wanjala aliweka nyundo chini. "Mama Victoire! Utaniharibia jina mjini. Huyu mtu ataleta watu wabomoe karakana."

"Wakibomoa nitakupigia bati jingine. Siku ya kuja kulichukua, mwambie amlete Pasta aone kama zawadi inafaa kanisani. Mwambie hivyo. Anapenda kuonekana, atamleta."

Wanjala alikuna kichwa, akaguna, akaapa kwa Kibukusu, lugha ya kwao. Lakini alikuwa ameishi na yule mwanamke nyuma ya gunia miaka mitatu, na alikuwa amekwisha kuona jinsi anavyorudi kutoka kanisani. Alikubali.

Akaziandika stika mbili. Ya Guerschom hakuipaka vanishi ya juu. Ya Kasereka aliipaka mara mbili.

Jean-Claude akaja na Pasta, kama Marlène alivyosema. Wanjala alilitoa lori kwenye kitambaa, na kwa kweli lilipendeza, buluu yake ile ile, turubai limefungwa kwa kamba za uzi, bampa limekunjika kidogo upande wa kushoto. Nyuma ya gunia, Marlène alikuwa amekwisha kuitia karatasi ya Kasereka kisahanini.

"Pasta, tazama!" Jean-Claude alikuwa akiligeuza kwa furaha. "Hata bampa! Hili lilikunjika Kasindi, mpakani. Na hapa... hapa pameandikwa nini?"

"Tumia kioo, bosi," Wanjala akasema, akampa.

Jean-Claude akainama. Akasoma. Shingo ikamvimba.

"Guerschom? Nani amekutuma uandike ujinga huu?"

"Picha haionekani vizuri hapo, bosi. Nikauliza watu wa malori, wakaniambia Guerschom anasemaga yeye ndiye alikuendeshea."

"Guerschom!" Alipiga kelele mpaka wapiga bati wa jirani wakasimamisha nyundo. "Guerschom alikuwa tanboi wangu! Wa kupakia magunia na kuosha matairi! Hakushika usukani hata wa kurudi nyuma, mbwa yule! Tangu nilipolinunua lori hili mpaka siku lilipopinduka, aliyeliendesha ni mtu mmoja tu, Kasereka! Kasereka peke yake! Futa hapa!"

"Mpaka siku lilipopinduka, Papa?" Pasta akauliza taratibu.

"Nimesema mpaka siku lilipo..."

Hapo ndipo alipojisikia. Mdomo uliponza kichwa, na kichwa chenyewe kikaanza kutoa jasho.

"Ulituambia ulimfukuza wiki mbili kabla," Pasta akasema. "Ulisema madhabahuni. Hizo wiki mbili lori halikulala, lilibeba mizigo ya watu. Nani aliliendesha?"

Kulikuwa na jibu moja tu la kumwokoa, nalo alikuwa amelishika mkononi, limeandikwa mlangoni kwa herufi nyeupe. Angesema: Guerschom. Neno moja, angeondoka pale mzima. Lakini alikuwa amekwisha kulikana mbele ya Pasta na nusu ya Katwe, tena kwa sauti ya kuuza ng'ombe.

Gunia likasogea. Marlène akatoka na kisahani.

"Jambo, Papa Jean-Claude."

"Wewe!"

"Mimi. Lete."

Akalichukua lori mikononi mwake, naye kwa mshangao akaliachia. Marlène alilowesha kidole kwa mate akaupangusa mlango mara moja, na Guerschom akafutika. Kisha akatoa karatasi kisahanini, akaitandaza pale mlangoni, akaivuta polepole. Jina likabaki kwenye bati.

"Breki alikuambia mara ngapi?" akauliza, macho yakiwa kwenye kazi.

Jean-Claude akamtazama Pasta.

"Usimtazame yeye. Yeye hakuwa na lori. Mara ngapi?"

"Ilikuwa biashara, Mama Victoire. Mbao za watu zilikuwa zinangoja..."

"Mara tatu," Marlène akasema. Akabonyeza jina kwa kitambaa. "Umesema kila herufi iwepo. Sasa ipo. Ikikauka haitoki mpaka uchune na rangi. Chukua lori lako."

Hakulichukua. Aliondoka akipita katikati ya mafundi waliosimama na nyundo zao, na hakuna aliyemwambia kwaheri. Pasta alibaki pale akipikicha mikono.

"Mama Victoire," akaanza, "sisi kama kanisa tulikosea, kwa hiyo naomba..."

"Pasta, utaombea pale pale mliponitukania. Hapa ni kazini."

Na Jumapili Pasta alifanya hivyo, nampa haki yake. Aliliweka lori mezani mbele ya madhabahu, akasema kwa maneno machache kwamba Kasereka hakuiba, alikufa kazini, alitumwa na gari bovu, na kwamba yeye Pasta alisikia kwa masikio yake. Kiti cha Jean-Claude kilikuwa kitupu. Watu wakaanza kuinuka mmoja mmoja kwenda kuona.

Lakini wangeona nini? Herufi zilikuwa za Marlène. Walikunja macho, wakavua miwani, wakavaa, wapi! Ndipo wakamwona amesimama kando ya meza na kile kioo chake, waya bado ukining'inia. Aliyetaka kusoma ilibidi akiombe kwake.

Hakumnyima mtu, ila hakumchekea mtu pia. Alikinyoosha, akasema "Inama," akangoja. Wazee wa kanisa waliinama. Mabibi wa kwaya waliinama. Wawili watatu walijaribu kumkumbatia, akajitoa kwenye mikono yao kama anayejitoa kwenye miiba.

Mama Hortense alikuja karibu na mwisho, na mkoba wake.

"Dada, sioni," akasema kwa sauti ndogo.

"Inama."

Akainama.

"Inama zaidi. Soma kwa sauti."

Ili akishike kioo kwa mikono miwili, Mama Hortense aliuweka mkoba sakafuni, mguuni pa Marlène. Akakunja mgongo mpaka uso ukakaribia kugusa bati.

"Dereva," akasoma. "Dereva, Kasereka."

Alipoinuka macho yalikuwa yamejaa maji. Marlène alichukua kioo chake, akautazama ule mkoba chini, akausukuma kando kwa ncha ya kiatu usiwakwaze watu.

"Anayefuata," akasema.