Jumapili Waliyomtoa Erwin Kandzia

Erwin Kandzia alicheza beki wa kati wa timu ya taifa ya Poland kwa miaka sita, na hapa Karbowice bado wapo watu wanaomwita mjinga. Wanalisema neno hilo mbele yangu, povu la bia likiwa limewaganda kwenye masharubu, huku wakijua kwamba naishi naye jengo moja. Anayelisema kwa sauti kubwa kuliko wote ni mzee Heniek Pyka, aliyekuwa kipa wake. Nimejaribu kumpuuza nikashindwa. Uoza ukikaa karibu na pua haupuuziki.

Kwa hiyo nitaeleza nilivyoelezwa na Erwin mwenyewe, na mkewe Truda, na hata Pyka, ambaye husimulia sehemu yake akicheka.

Erwin alizaliwa kwenye nyumba zetu hizi za matofali mekundu, mwana wa mchimba makaa. Mpira alijifunza uani, kati ya vibanda vya njiwa na kamba za nguo. Hakuwa na mbio. Alichokuwa nacho ni subira: alimwacha mshambuliaji amalize madoido yake yote, kisha akauchukua mpira taratibu kama mtu anayechukua kofia yake msumarini. Klabu ya mgodi ikamchukua, halafu timu ya taifa. Alipocheza uwanja mkubwa wa Chorzów, mtaa mzima ulipanda magari kwenda kumwona, na akina mama walimwambia Truda, "Mumeo ni ukuta, dada. Sisi tumeolewa na mapazia."

Kitu kimoja alikitaka: kwenda Ufaransa. Klabu moja ya kaskazini, kwenye migodi walikohamia ndugu zetu wengi zamani, ilikuwa inamsubiri. Lakini enzi zile za wakomunisti mchezaji hakuachiwa kutoka nchini mpaka atimize miaka thelathini, na hata hapo mwenyekiti wa klabu ilimpasa kukubali. Erwin alitimiza thelathini mwezi Machi. Truda akaanza kuwasalimu njiwa kwa Kifaransa. Ilibaki muhuri wa mwenyekiti tu, Bwana Wojnar, mtu mnene mwenye mikono laini ambayo haijawahi kushika sururu wala mpira.

Sasa ije Jumapili ya mwisho ya msimu. Kila mtu kwetu alijua Jumapili ile ni ya nini. Timu ambayo iko salama inamwachia mechi jirani anayekaribia kushuka daraja, na mwaka ukigeuka jirani naye analipa fadhila. Waliuita ujirani mwema! Wizi wa mchana, mbele ya watoto waliovaa fulana za klabu, na wenyewe wakaupa jina la kanisani. Mwaka ule jirani zetu Pniaki ndio waliokuwa mkiani, sisi tukiwa salama, na walikuwa wanakuja kucheza kwetu.

Ijumaa Wojnar alimwita Erwin ofisini.

"Keti, Bwana Erwin. Kahawa?"

"Nasimama tu, Bwana Mwenyekiti."

"Jumapili, yule namba tisa wao akikujia, miguu yako iwe mizito kidogo. Mara moja tu. Na joto hili la Juni, nani atashangaa? Jumatatu unapita hapa, nakugongea muhuri, mkeo anafunga mizigo."

"Na nikimzuia?"

Wojnar alicheka. "Utamzuia vipi, na wewe kimawazo umeshafika Ufaransa?"

Jioni Erwin alimweleza mkewe. Truda alikuwa anakanda viazi vya matonge, na mikono yake ikasimama bakulini.

"Mara moja tu kasema?"

"Mara moja."

"Wenzako wote watafanya, Erwin. Mimi nimechoka kuanua nguo zikiwa nyeusi kwa vumbi la makaa kuliko nilivyozianika. Pniaki watapona, sisi tutaondoka. Nani ataumia?"

"Truda, kazi yangu mimi ni moja tu, mpira usipite. Nikiupitisha mwenyewe, hao Wafaransa watakuwa wamemchukua nani?"

"Watakuwa wamemchukua mume wangu!" alisema, na akavurumisha tonge kwenye sufuria mpaka maji ya moto yakamrukia.

Jumapili viungo wetu walikuwa wakipiga pasi kwa Pniaki kwa adabu, kama watu wanaopisha mlangoni. Pyka alikuwa akiinama kila mara kufunga kamba za viatu. Erwin peke yake alikuwa anacheza mpira. Aliondoa kwa kichwa, akaondoa kwa ncha ya kiatu, na kipindi cha pili akauokoa mmoja kwenye mstari kabisa, kwa sababu Pyka alikuwa ameshatoka golini kwenda kutembea.

"We kichaa!" Pyka alimfokea. "Waachie tukale!"

"Rudi golini kwako, Heniek."

Hapo ndipo mashabiki walipoanza kuzomea. Mashabiki wetu, katika uwanja wetu, wakimzomea mchezaji wetu kwa kosa la kucheza. "We Kandzia, kwani hilo goli umelijenga wewe?" "Pniaki nao wana watoto, mwana wa mbwa!" Na yule namba tisa, kijana wa miaka ishirini, alimsogelea kwenye kona na kumnong'oneza karibu kulia, "Bwana Erwin, naomba basi. Nimeshapiga nje mara mbili kwa aibu." Walimfundisha kuomba bao kama mtu anayeomba sigara.

Zilipobaki dakika ishirini, kocha alinyanyua kibao chenye namba tano. Namba ya Erwin. Umati ukasimama ukapiga makofi. Hakuwa amefika hata kwenye benchi bao likaingia. Pyka aliruka upande wa pili, tena aliruka kabla mpira haujapigwa.

Jumatatu Erwin alikwenda kwa Wojnar kuulizia ruhusa yake, na ajabu ni kwamba Wojnar hakuwa na hasira.

"Bao limepatikana, hatuna ugomvi. Ila wakubwa wa timu ya taifa kule Warsaw wanauliza kwa nini beki wa taifa alitolewa akiwa mzima. Wewe waambie goti lilikuuma. Neno dogo tu, halafu muhuri huu hapa."

Erwin aliinama akapandisha suruali, mguu huu na mguu ule, mpaka juu ya magoti.

"Litafute basi, Bwana Mwenyekiti. Ukiliona linalouma, nitasema."

Wojnar aliyatazama magoti yale meupe mbele ya meza yake, akautumbukiza muhuri kwenye saraka. "Hutacheza Ufaransa," alisema. "Na hapa pia hutacheza."

Wafaransa walisubiri mpaka Agosti, wakamchukua Myugoslavia.

Lakini Wojnar alisahau jambo moja. Kwenye mpira wetu wa siku zile hakuna aliyelipwa kama mchezaji. Wote waliandikwa mgodini kuwa ni wachimbaji, wakapokea mshahara wa wachimbaji, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuona mwamba. Jumanne alfajiri Erwin alisimama kwenye foleni ya taa za kushukia mgodini, pamoja na wanaume wa zamu ya kwanza.

"Umepotea njia, Erwin?" aliuliza msimamizi, Alfred Lubos. "Uwanja uko kule."

"Mgodi umenilipa miaka yote hii kwa kuchimba. Nipe taa nichimbe."

"Usinitie matatani, bwana."

"Jina langu si lipo kwenye orodha ya wachimbaji? Nipe taa, Alfred."

Lubos akampa. Mtu mmoja, ambaye kaka yake anakaa Pniaki, alitema mate karibu na kiatu chake. Ndani ya lifti walibanana bega kwa bega, na Erwin akatoa salamu ambayo kwetu hakuna mchimbaji anayeiacha bila kujibu, hata akisalimiwa na adui yake.

"Mungu atuongoze."

Hakuna aliyeitika. Wanaume ishirini walioibiwa mechi yao wenyewe Jumapili walikaza macho kwenye wavu wa lifti, wakamnunia mtu pekee ambaye hakuwaibia. Kengele ikalia. Erwin akarudia salamu, kwa sauti ileile, na lifti ikaanza kushuka.