Msafara Wenye Matawi

Damu ya kwanza chooni niliisingizia barabara. Mtu anayepeleka watu Kabimba kwa pikipiki, na kurudi na mfuko wa simenti umekaa kati yake na abiria, hakosi kuumia nyuma. Pale parkingi yetu ya pikipiki, karibu na daraja la Lukuga hapa Kalemie, jambo hilo lilikuwa na jina kabisa: ugonjwa wa kiti. Mwenzangu mmoja alinipa kipande cha godoro nikikalie. Mwingine akanikataza pilipili. Prezida wa parkingi, mtu mwenye mgongo mpana kama mlango, akasema yeye alitoka damu msimu mzima wa mvua, na mumuone leo alivyonenepa.

Shangazi yangu, jirani yetu, akaleta kampira kake, kale ka duara kenye mdomo mrefu ambako kila nyumba kwetu inako kwa ajili ya lavema, kusafisha tumbo kwa njia ya nyuma. Alichemsha majani, akanipa nijitilie mwenyewe, naye akasimama nje ya mlango akiuliza kwa sauti kama dawa imeingia yote. Majirani walijua habari zangu kabla ya mie kumaliza.

Nilicheka, nikaendelea kuendesha. Nilikuwa na ndoto, na mwenye ndoto hana wakati wa kuumwa. Nilitaka kumpeleka mama yangu Mpala, kijiji alikozaliwa, kwa barabara, yeye nyuma yangu amenishika kiuno. Tuingie mchana kweupe, honi ikilia, wale waliomjua akiwa binti watoke milangoni. Honi nilikuwa nimekwisha kuichagua.

Lakini suruali zilianza kunikimbia. Asubuhi moja mama alinikuta nimejifunga kiuno kwa ile kamba ya mpira tunayofungia mizigo. Aliniangalia vizuri.

"Kiti njo kinakula mpaka nyama ya mashavu?" aliuliza. "Vaa viatu. Twende hospitali."

Daktari alikuwa kijana kama mie. Alivaa glavu, akaniomba msamaha kwanza, akapima kwa kidole, kisha akaacha mazungumzo aliyokuwa ameanza ya mpira wa miguu. Alinituma Lubumbashi, na kwa bahati kaka ya mama anakaa kule. Huko waliniingiza bomba lenye kamera, wakakata kinyama wakakipime. Jibu lilipokuja, daktari mzee alinikalisha, akasema ni kansa ya utumbo, pale karibu na mwisho wa njia.

Nilimwambia sijafika hata miaka thelathini, na kansa ni ya wazee.

"Papa," alinijibu, "kansa haiombi kuona kadi ya uchaguzi."

Nilicheka. Yeye hakucheka, halafu naye akacheka. Nikamuuliza: nitapona? Akasema haijaonekana kwenye ini, kwa hiyo tunapigana. Nitaendesha pikipiki? Akasema hilo nimuulize tukimaliza.

Basi nikaanza dawa za mshipa. Ilikuwa majira ya baridi ya Lubumbashi, na dawa ile haipendani na baridi: nikigusa bomba la maji, vidole vinapigwa kama na umeme. Mke wa mjomba alinivalisha soksi za mtoto wake mikononi, nikawa napunga watu pale wodini kama bondia. Kisha wakanipasua. Njia ya zamani wakaifunga moja kwa moja, wakafungua nyingine tumboni, yenye kifuko cha kupokea choo. Mwanzoni nilikataa kuiangalia. Muuguzi, mama mmoja mwenye sauti nzito, aliniambia niinamishe kichwa, ni kitu changu, hakiumi mtu. Nikaangalia. Kitundu kilikuwa chekundu, kina majimaji, kama mdomo wa mtoto mchanga. Nilikionea huruma, maskini, hata chenyewe hakikuomba kutoka nje.

Dawa zikarudi, zikaisha. Picha za mwisho hazikuonyesha kansa. Daktari alisema nitakuwa narudi apime tena na tena. Nikamkumbusha swali langu.

"Endesha," alisema. "Lakini simenti, hapana."

Karibu nimbebe yule mzee. Nilitaka kumshangaza mama, kwa hiyo nikamfunga mjomba mdomo, nikazima simu nisijisaliti. Siku ya ndege niliiwasha mara moja tu, nikamwambia prezida peke yake.

Kiwanja cha ndege cha Kalemie nilikikuta kimejaa pikipiki. Sasa, sisi watu wa parkingi msafara tunaujua mmoja tu, ule wa kumzika mwenzetu: taa zinawaka, honi zinalia, matawi ya miti yamefungwa mbele. Hakuna aliyefikiri. Walinipenda, kwa hiyo walifunga matawi mengi sana. Mie mwenyewe, nimekalia mto nyuma ya prezida, niliona tu jinsi yalivyopendeza. Njiani wanaume walivua kofia. Mama mmoja muuza ndakala, wale dagaa wetu, aliweka mikono kichwani, nikampungia. Mdomo wake ulibaki wazi.

Mama yangu alikuwa uani anasonga bukari. Alisikia honi, akaona matawi, akamwona prezida. Mie nyuma ya mgongo ule hakuniona. Mwiko ulianguka. Alikaa chini, akaanza kuniita kwa jina langu la utotoni, na ua mzima ukaitikia kwa kilio.

Niliruka chini nimeshika kifuko changu. "Mama, ni mie."

Alinishika miguu kwanza, kisha uso. "Njo wewe?"

"Njo mie."

Akaokota mwiko, bukari bado umeganda, akanipiga nao begani. Kisha akamgeukia prezida, naye akazunguka pikipiki mbio, akiomba asamehewe, hawajui kupamba kwingine. Matawi yalitupiwa mbuzi.

Watu walipotulia, mama alinifunua shati, akaangalia kifuko. Nilimweleza yote, mpaka maneno ya daktari kuhusu simenti.

"Mie si simenti," alisema.

Prezida alinipa ufunguo bila kuombwa. Mama alipanda nyuma, mkono wake ukapapasa kiunoni, ukakutana na kifuko, ukapanda juu kidogo, ukashika kwa nguvu.

"Leo darajani tu," alisema. "Mpala tutaenda mvua ikikatika. Na usipige honi."